CD inanakiliwa, majina hayaji: uchambuzi wa kisa cha "hakuna muunganisho" wakati Wi-Fi ipo

Kompyuta ya mezani yenye Windows 10, draivu ya DVD ya ndani, programu ya kunakili CD iitwayo Exact Audio Copy (EAC), na boksi la CD 160 hivi: taarabu, dansi, kwaya, na za nje kiasi. Nyumba iko Tanga. Kazi ni kuzigeuza CD zote kuwa faili za FLAC (sauti iliyobanwa bila kupoteza ubora) na kuzihifadhi kwenye eksteno, yaani diski ya nje, kabla hazijachakaa. Intaneti inatoka kwenye ruta ya 4G iliyoko sebuleni. Kompyuta iko chumba cha pili na inashika Wi-Fi kwa adapta ya USB, ile ndogo ya ukubwa wa kucha, iliyochomekwa nyuma ya mashine.

Malalamiko yalisemwa yote kwa pumzi moja: majina ya nyimbo hayaji, uhakiki unasema haukufika kwenye hifadhidata, na "intaneti inakufa nikianza kunakili". Wakati huohuo simu za nyumba nzima zimo kwenye Wi-Fi hiyohiyo na WhatsApp haina shida. Mwenye kompyuta akaiondoa EAC na kuisakinisha upya mara mbili, kila mara akimalizia kwa kupakia faili ya mipangilio aliyopewa na rafiki. Kisha akajaribu MusicBrainz Picard kama njia mbadala ya kupata majina, nayo ikagoma. Programu mbili zikigoma, mtu anaona jibu liko wazi: ni mtandao. Akanunua bando kubwa zaidi.

Bando halikuwa na kosa. Hitilafu zilikuwa tatu, kila moja na chanzo chake, na zote zilijitokeza kwa sura moja ya "hakuna muunganisho".

Intaneti ina kazi gani kwenye CD

CD ya muziki haina majina ya nyimbo. Ina sauti (sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili) iliyokatwa vipande 75 kwa kila sekunde, kila kipande baiti 2,352, na mwanzoni mwake kuna orodha ya mahali kila wimbo unapoanzia. Basi. Chache zina CD-Text yenye majina, lakini si ya kutegemea. Kwa hiyo kusoma sauti hakuhitaji intaneti hata kidogo. Unaweza kuchomoa ruta na CD ikanakiliwa vilevile mpaka mwisho.

Kinachohitaji mtandao ni mambo ya pembeni, na kila moja linapita mlango wake. Majina ya aina ya zamani ya freedb, hifadhidata ya majina ya CD, huulizwa kwa lango (port) 8880, au kwa http ya kawaida kwenye lango 80. MusicBrainz, anakoulizia Picard, huulizwa kwa https, yaani lango 443 pamoja na ukaguzi wa cheti cha usalama. AccurateRip, inayolinganisha nakala yako na nakala za watu wengine wenye CD hiyohiyo, ni faili ndogo inayopakuliwa kwa http. Mlango mmoja ukifungwa, mingine inaweza kuwa wazi kabisa. Ndiyo maana kujiuliza "intaneti ipo au haipo?" hakukufikishi mbali. Uliza ni mlango upi umefungwa.

Na upimaji ufanyike kwenye kompyuta yenyewe. Simu kuwa na WhatsApp kunathibitisha jambo moja tu, kwamba ruta ina intaneti.

Vipimo vilivyofanyika

Programu zote zilifungwa, likafunguliwa dirisha la amri la PowerShell, na amri zikaandikwa moja moja kwa mpangilio huu:

ping 192.168.1.1
nslookup musicbrainz.org
curl.exe -I http://www.accuraterip.com
curl.exe -I https://musicbrainz.org
Test-NetConnection gnudb.gnudb.org -Port 8880

Namba ya kwanza ni ya ruta; yako inaweza kuwa tofauti, itazame kwa amri ya ipconfig kwenye mstari wa Default Gateway. Curl imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1803, na ni lazima uandike .exe, kwa sababu kwenye PowerShell ya Windows neno curl peke yake huita kitu kingine.

Matokeo: ruta ilijibu kwa milisekunde 2 hadi 5. Jina la MusicBrainz lilipata namba yake, kwa hiyo DNS, huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, ilikuwa nzima. AccurateRip ilijibu. Lango 8880 la gnudb, hifadhidata iliyorithi kazi ya freedb, lilikuwa wazi. Ya nne ndiyo iliyokataa: curl ilifika kwenye seva, ikapewa cheti, ikalalamikia kipindi cha uhalali wake.

Http inapita, https inagoma kwa sababu ya cheti. Ukiona jozi hiyo, usiguse faiwoli wala ruta. Tazama saa ya kompyuta, na kabla ya saa, tarehe.

Saa iliyorudi nyuma

Kalenda ya kompyuta ilisema Januari 2012.

Kila cheti cha usalama kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba ni 2012 ikipewa cheti kilichotolewa mwaka huu inakiona bado hakijaanza kutumika, hivyo inakata mawasiliano, na inatakiwa ikate. Picard haikuwa mbovu, ilitii ukaguzi huo. Kivinjari kingelalamika vilevile kwenye karibu kila tovuti, lakini kompyuta hii haikuwa ikitumika kwa kitu kingine zaidi ya kunakili CD, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Chanzo ni betri ya ubao mama, CR2032, ile ya duara kama sarafu. Kazi yake ni kuitunza saa umeme unapokatika. Betri nzima hupimwa karibu na volti 3. Hii ilisoma 2.1. Kila umeme ulipokatika, au swichi ya ukutani ilipozimwa usiku, saa ilirudi kwenye tarehe ya kuanzia ya ubao. Ushahidi ulikuwepo muda wote: EAC huandika tarehe juu ya kila faili ya logi (kumbukumbu ya unakili), na logi za karibu mwezi mzima zilikuwa zimerundikana kwenye Januari 2012 ileile.

Hapa kuna swali la haki: Windows si hujirekebisha saa yenyewe kupitia intaneti? Hujirekebisha, lakini kwa mpaka. Kwenye kompyuta isiyo kwenye mtandao wa ofisi, huduma ya saa ya Windows imewekewa kikomo cha marekebisho cha sekunde 54,000, yaani saa 15. Tofauti ikizidi hapo, inaona kuna jambo la ajabu na kukataa. Ukiilazimisha kwa w32tm /resync itakuambia kwamba badiliko linalotakiwa ni kubwa mno. Miaka kadhaa ni zaidi ya saa 15.

Utaratibu unaofanya kazi: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, badilisha betri (upande wenye alama ya kujumlisha utazame juu), washa, weka tarehe na saa kwa mkono, hakikisha kanda ya saa ni UTC+3, kisha endesha w32tm /resync kwenye dirisha lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Amri ikisema huduma haijaanza, tanguliza net start w32time. Kuna kosa dogo linalotokea sana majumbani kwetu: mtu anaweka saa kwa hesabu ya Kiswahili, saa mbili asubuhi anaandika 2:00 badala ya 8:00. Hilo halina madhara. Saa sita za tofauti zimo ndani ya kikomo, Windows itazinyoosha yenyewe.

Baada ya hapo Picard ilipata majina. EAC bado.

Seva iliyofungwa kitambo

Hii haihitaji maneno mengi. Faili ya mipangilio ya yule rafiki ilikuwa na anwani ya freedb.freedb.org. Huduma ya freedb ilifungwa 2020. Programu na miongozo mingi ya zamani bado inaelekeza huko, na EAC iliendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, ikirudi na ujumbe wa kushindwa kuunganisha. Kila alipoisakinisha upya na kupakia mipangilio ile, anwani ile mfu ilirudi nayo.

Tiba iko kwenye mipangilio ya metadata ya EAC, kichupo cha freedb: weka http://gnudb.gnudb.org/~cddb/cddb.cgi mahali pa seva, na andika barua pepe halisi, kwa sababu gnudb hukataa maombi yasiyo na barua pepe inayoeleweka. Anwani hiyo hupita lango 80, kwa hiyo hata palipo na mtoa huduma anayebana lango 8880 inapita. Kwenye kompyuta hiyo pia ilichaguliwa programu-jalizi ya CTDB (hifadhidata ya programu ya CUETools) kuwa chanzo cha kwanza, maana inaleta kwa mpigo mmoja majina kutoka MusicBrainz, Discogs na hazina ya zamani ya freedb, kisha unachagua yaliyoandikwa vizuri. Ubora wa tahajia kwenye mabaki ya freedb ni wa kubahatisha. Kwa majina ya Kiswahili hasa, usitegemee.

"Intaneti inakufa nikianza kunakili"

Lalamiko hili ndilo lililodharauliwa zaidi, na ndilo lililokuwa kweli neno kwa neno.

Dirisha la ping 192.168.1.1 -t, inayoipima ruta bila kukoma, liliachwa wazi huku CD ikinakiliwa. Dakika ya kwanza, milisekunde 2 hadi 5. Nyimbo zilipoanza kuandikwa kwenye eksteno, namba zikapanda hadi 300, 600, 900, kisha "Request timed out", karibu pakiti tatu kati ya kumi. EAC huuliza AccurateRip mwanzoni na kutoa matokeo mwishoni; katika hali hiyo ombi linaweza kupotea, na logi ikaandika kwamba hifadhidata haikufikika.

Nani analeta vurugu: draivu ya CD, kichakataji, au eksteno? Yalifanyika majaribio matatu, dakika tano kila moja. CD ikinakiliwa kwenda kwenye diski ya ndani, ping ilitulia. Hapo draivu na kichakataji wakatoka kwenye orodha ya washukiwa. Bila CD yoyote, faili kubwa ikinakiliwa kwenda kwenye eksteno, ping ilivurugika. Eksteno ikihamishiwa tundu la mbele la USB 2.0 na faili ileile kunakiliwa tena, ping ilitulia.

USB 3.0 hupitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele ya redio inayotoka kwenye waya na matundu yake huangukia eneo la gigahezi 2.4, palepale inapofanyia kazi Wi-Fi ya kawaida. Intel walilichapisha hili mwaka 2012, si siri wala uzushi. Adapta ile ya kucha ilikuwa kwenye tundu lililopakana na la eksteno, sentimita mbili hivi kutoka kwenye chanzo cha kelele, nayo inasikiliza ruta iliyo nyuma ya kuta mbili. Ni sawa na kupokea simu huku umekaa kando ya spika ya harusi. Simu zilizoko sebuleni hazikuathirika kwa sababu zilikuwa mbali na kelele na karibu na ruta.

Tiba ya bure ni kuiacha eksteno kwenye USB 2.0. Kasi haipotei: CD inayosomwa kwa mara 24 ya kasi ya kawaida hutoa megabaiti 4.2 kwa sekunde, na USB 2.0 inabeba 30 na zaidi. Lakini angalia umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa miliampia 500, la 3.0 ni 900, na baadhi ya eksteno zisizo na adapta yake ya umeme zikikosa nguvu huanza kugonga tiki-tiki na kujiondoa zenyewe. Ukisikia hivyo chomoa haraka, kabla faili hazijaharibika. Ya kisa hiki iligonga, ikarudishwa kwenye tundu lake la 3.0. Badala yake adapta ya Wi-Fi ndiyo iliyohamishwa: waya wa kurefusha wa USB 2.0, mita 1.5, ukapandishwa juu ya kabati mbali na mashine. Ping ikarudi milisekunde 3 hadi 6, hata eksteno ikiandika. Adapta inayoshika gigahezi 5, au waya wa mtandao wa Cat5e mpaka kwenye ruta, ungemaliza tatizo kabisa. Waya wa kurefusha ulipatikana siku ileile.

Wanaohifadhi moja kwa moja kwenye folda ya mtandao wana hesabu nyingine. Sauti ya CD kabla ya kubanwa ni megabiti 1.41 kwa sekunde. Kwa kasi ya mara 24 inakuwa karibu 34, mzigo mkubwa kwa Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inayopita kuta. Nakili kwanza kwenye diski ya ndani (CD ya saa moja ni takriban megabaiti 635 za WAV, na FLAC mara nyingi hukaribia nusu ya hapo kwenda juu kidogo), kisha hamisha folda nzima ikiwa imekamilika.

CD ambazo bado hazina majina

Zilijaribiwa CD 12. Saba zilipata majina na uhakiki. Tano, zote za muziki wa hapa nchini, hazikupata kitu, na mwenye kompyuta akasema mtandao umerudia. La. Hapa lazima kutofautisha kukosa jibu na kujibiwa "sina".

Seva za aina ya freedb hujibu kwa namba. 200 ni kwamba CD imepatikana. 210 na 211 ni kwamba kuna orodha ya kuchagua, ya pili ikiwa ya zinazokaribiana tu. 202 ni kwamba haipo. Zote nne zina maana moja kwa anayetafuta hitilafu: mawasiliano ni mazima. AccurateRip nayo ikikosa CD hurudisha 404. Ukiona 202 au 404, acha kuhangaika na ruta.

Kwa nini haipo? Pengine hakuna aliyewahi kuiingiza. Lakini kuna sababu ya pili inayozihusu sana CD za mtaani. Utambulisho wa freedb una herufi nane: mbili za mwisho ni idadi ya nyimbo, nne za kati ni urefu wa diski kwa sekunde, mbili za mwanzo ni hesabu inayotokana na sekunde ambazo kila wimbo unaanzia, zote kwa hesabu ya msingi wa 16. Diski ya nyimbo 10 yenye sekunde 3,600 itaishia na 0e100a, mwanzoni mwake lolote. Sasa chukua nakala ya CD halisi ya dansi, iliyochomwa dukani kwenye CD-R kwa mpangilio wa kuacha sekunde mbili kati ya nyimbo. Kwa nyimbo 10 urefu unaweza kuongezeka kwa sekunde zisizozidi 18, na kila wimbo kuanzia wa pili unasogea. Muziki ni uleule, masikio hayaoni tofauti, lakini kwa hifadhidata hiyo ni diski nyingine kabisa. MusicBrainz na AccurateRip nao hutumia mahali nyimbo zinapoanzia, kwa hiyo matokeo ni yaleyale.

Kwa CD za namna hiyo, tafuta albamu kwa jina ndani ya Picard na uburute faili ukilinganisha urefu wa kila wimbo. Ikiwa haipo kabisa, andika kwa mkono kutoka kwenye kava, na ukiwa na CD halali, fungua akaunti MusicBrainz uiingize pamoja na utambulisho wake ili anayefuata aikute. Usiingize utambulisho wa CD-R ya mtaani chini ya albamu halisi. Ukipeleka maombi mengi kwa fujo utapata jibu la 503: MusicBrainz huruhusu wastani wa ombi moja kwa sekunde kwa kila anwani ya IP, na kwenye mitandao ya simu wateja wengi wanaweza kuwa nyuma ya anwani moja. Subiri dakika chache, usibadilishe mipangilio.

Zile zilizonakiliwa mtandao ukiwa mbovu

Kulikuwa na CD 34 zilizokwisha kunakiliwa kipindi hicho, folda zikiitwa "Unknown Artist". Hakuna haja ya kuzirudia. Picard za sasa zinasoma faili ya logi ya EAC na kupata humo utambulisho wa diski bila CD yenyewe kuwepo. CUETools nayo hupokea folda nzima ya FLAC, ikahesabu upya mahali nyimbo zinapoanzia, na kuzilinganisha na AccurateRip na CTDB. Ikikuta makosa madogo kwenye diski iliyomo CTDB, mara nyingine inaweza hata kuyarekebisha. Sharti ni nyimbo zote ziwepo, kwa mpangilio wake. Ukifuta wimbo mmoja usioupenda, hesabu inavunjika.

Zile zisizo kwenye hifadhidata yoyote hubaki na kipimo kimoja: kwenye logi, linganisha namba ya Test CRC na ya Copy CRC (namba za ukaguzi za usomaji wa majaribio na wa kunakili) kwa kila wimbo. Zikifanana, draivu imesoma kitu kilekile mara mbili. Zisipofanana, ifute CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha inakili tena kwa kasi ndogo, mara 8 au 4.